Pamba Ilitoka Nyeupe

Hakufukuzwa kazi. Tuanzie hapo, maana ndipo waongo wanapoanzia. Aliondoka mwenyewe, mchana kweupe, kwa mlango wa mbele wa makumbusho, koti amelivaa na vifungo vyote amevifunga, na mlinzi wa mlangoni alisimama kumpa mkono. Wala hakutengeneza samaki wa bandia ili apate sifa. Na siku ya mazishi yake mke wake hakumfukuza mtu. Aliuliza swali, na aliyeulizwa akaondoka kwa miguu yake mwenyewe. Wanaosimulia vingine wamesimulia sana, kwenye ngazi za majengo, kwenye saluni na kwenye foleni ya benki, wakiongeza chumvi kila kituo, hadi watoto ambao hawakuwa wamezaliwa wanahadithia kana kwamba walikuwepo. Basi na yasikike yalivyokuwa, mara moja, kisha yaishe.

Kazi yake ilikuwa kusafisha mawe. Watu wakisikia hivyo hucheka, wakidhani ni mambo ya ndoo na ufagio. Nyuma ya jengo la makumbusho kulikuwa na karakana, chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja, na huko ndiko yalikopelekwa mawe yenye visukuku, yaani mabaki ya viumbe vilivyokufa siku ambazo hata neno zamani haliwezi kuzibeba. Kiumbe kimo ndani ya jiwe na jiwe limekikumbatia; kazi yake ilikuwa kuliondoa jiwe, chembe kwa chembe, bila kukiumiza kiumbe. Alitumia sindano za daktari wa meno, zile zilizokwisha makali, ambazo jirani yao wa ghorofa ya chini, daktari wa meno, alikuwa akimwekea kwenye kopo la kahawa. Chini ya kiwiko aliweka kifuko cha mchanga ili mkono usitetemeke. Kifuko hicho alikishona mke wake kwa kitambaa cha suruali kuukuu ya kijivu, akarudia mshono juu ya mshono ili mchanga usivuje.

Tabia ya kazi ilimfuata hadi nyumbani. Hakugusa kitu kabla ya kukipuliza. Alipuliza mkate, alipuliza miwani, alipuliza kiti kabla ya kukaa, na binti yao alipokuwa mdogo alipulizwa usoni kila asubuhi kabla ya kubusiwa, akakua akidhani kina baba wote ndivyo wafanyavyo.

"Mume wangu," mke wake alimwambia siku moja mezani, "supu haina vumbi."

"Najua," akajibu, na akaipuliza. "Hii ni ya moto."

Mke wake alikuwa mwalimu wa sekondari. Walijuana hapo hapo makumbusho, alipowapeleka wanafunzi wake kutembezwa. Fundi aliwakataza wanafunzi wote wasiiguse meza yake, kisha akamgeukia mwalimu wao na kumwuliza kama yeye angependa kuigusa. Darasa zima lilipiga kelele. Mwalimu aliigusa.

Karakanani walikuwa wawili. Wa pili alikuwa mpaka rangi na mjenzi wa sanamu, yule anayemtengeneza mnyama alivyokuwa hai ili wageni wasione mawe matupu. Kila mtu alimwita Brashi. Alikuwa mtu wa nyimbo na vichekesho, mwenye ulimi mwepesi. Aliweza kuiga kikohozi cha mkurugenzi hadi makarani wa ofisi ya mbele wakasimama. Siku ya harusi ndiye aliyesimama kando ya bwana harusi. Watoto walimwita Baba Mdogo, ingawa hawakuwa na damu moja, na hakuna aliyewafundisha. Ilitokea tu, kama mambo ya mapenzi yanavyotokea. Jumapili alikuwa na kiti chake mezani, kile cha karibu na dirisha, na mgeni mwingine akikikalia watoto walimwinua.

"Shemeji, leo umetia nini humu?" angeuliza, kijiko kikiwa hewani. "Nataka kuhamia."

"Hamia. Anza na masufuria, yako jikoni yanakungoja."

"Kaka, unamsikia mkeo?"

"Namsikia. Ukimaliza masufuria kuna na madirisha."

Hivyo ndivyo walivyoishi, miaka mingi, na mtu asiyeyajua hayo hawezi kuyaelewa yaliyofuata.

Samaki alitoka kwenye machimbo ya mawe ya kutengenezea mbolea. Baruti ilipasua mwamba, na wachimbaji wakaona ndani yake kitu kama msumeno uliojiviringisha: meno, moja nyuma ya jingine, yakizunguka na kuzunguka kuelekea katikati, kama gamba la konokono lenye makali. Wataalamu wanamwita Helikoprioni, na maana ya jina hilo ni msumeno wa mzunguko. Aliishi baharini na kutoweka kabla dinosaria hawajakanyaga ardhi. Hakuwa papa hasa, bali jamaa yake wa mbali, na kama papa, mwilini mwake hamkuwa na mifupa. Mlikuwa na gegedu.

"Gegedu ni nini?" binti aliuliza, Jumapili hiyo samaki alipokuwa ndiyo kwanza ameletwa.

"Shika sikio lako," baba yake akamwambia. "Likunje. Liachie. Umeona linavyorudi? Hiyo ndiyo gegedu. Sasa mfikirie samaki mrefu kuliko gari, mwili mzima umejengwa kwa sikio."

Binti alicheka hadi akapaliwa.

"Akifa, gegedu inaoza yote," baba akaendelea. "Hakibaki kitu ila meno."

"Kama wale wa ghorofa ya pili," Brashi akadakia. "Nao wakifa kitabaki kinywa tu."

Ghorofa ya pili walikaa dada wawili waliojua kila kitu cha kila mtu, na utani huo ulimchekesha hata fundi, ambaye kwa kawaida hakupenda majirani wasemwe mbele ya watoto. Lakini kilichomshika yeye kwa samaki yule kilikuwa kingine. Papa wa leo, alieleza, hung'oka meno na kuota mengine maisha yake yote. Sakafu ya bahari imejaa meno aliyoyatupa. Huyu hakutupa hata moja. Meno mapya yalipoota, ya zamani yalisukumwa ndani na kuzungushwa, yakakaa humo humo. Ukitazama katikati kabisa ya mzunguko unayaona meno madogo aliyokuwa nayo akiwa mtoto.

"Alitembea na utoto wake kinywani," akasema, na hakucheka. Alilisema kama mtu anayemsifu jirani mwenye adabu.

Wataalamu walibishana kwa muda mrefu msumeno huo ulikaa wapi. Kuna walioubandika puani, kuna walioupeleka mgongoni, na kuna walioupeleka mkiani. Siku hizi wanakubaliana kwamba ulikuwa katikati ya taya la chini. Brashi, ambaye ndiye aliyepaswa kujenga sanamu, aliuzungusha mfano wake wa karatasi ngumu karakana nzima, akiujaribu kwenye kidevu chake, kwenye mlango, kwenye kiti.

"Kaka, tumpe mkurugenzi. Labda ataacha kukohoa."

"Weka chini hiyo. Njoo uone hapa."

Na Brashi angekuja, akainama, na wangekaa bega kwa bega juu ya jiwe, mmoja akipuliza na mwingine akishika taa. Palikuwa na mapenzi pale. Hakuna haja ya kuyakana sasa kwa sababu ya yaliyotokea baadaye.

Sasa hapa msomaji asikilize vizuri, maana jambo lote liko hapa. Baruti ilikuwa imeyasaga meno machache ya mzunguko wa nje. Pale palipokuwa na pengo fundi alijaza plasta, akalichonga kila jino kwa kufuata umbo la jirani yake. Hilo ni halali, na kila makumbusho hufanya. Lakini kazi ile ina sharti lake: kiraka lazima kionekane. Mtu anayesimama mlangoni amwone samaki mzima, na mtu anayeinama kwenye kioo ajue papo hapo jino lipi ni la samaki na lipi ni la fundi. Meno halisi yalikuwa meusi, yanang'aa kama lami iliyonyeshewa. Ya plasta aliyaacha yakiwa ya kijivu, rangi ya majivu baridi. Alimwonyesha mkurugenzi, alimwonyesha Brashi, alimwonyesha mke wake na darasa lake zima.

"Jino langu lisione haya kuwa langu," alikuwa akisema.

Ukaja ufunguzi wa ukumbi mpya. Mgeni rasmi alialikwa, wapiga picha wakaalikwa, na mazulia yakakung'utwa. Asubuhi ya siku hiyo fundi aliingia ukumbini mapema na kitambaa laini ili alifute kabati la kioo kwa mara ya mwisho. Alipuliza kioo. Alikifuta. Kisha akainama, na akabaki ameinama.

Meno yote yalikuwa meusi.

Brashi alikuwa juu ya ngazi akimalizia mawimbi ukutani, nyuma ya sanamu.

"Mdogo wangu. Meno yangu yako wapi?"

Brashi hakugeuka. "Yapo hapo hapo. Yamevaa suti tu."

"Nani kakuambia?"

"Bosi. Anasema kwenye picha yanaonekana kama mapengo, mgeni rasmi atadhani samaki wetu ni mzee wa kijiwe. Kaka, usijitie presha. Ni rangi ya maji. Pamba na maji, basi, kwisha. Jumatatu nafuta."

"Rangi ya maji kweli?"

Hapo ndipo Brashi alipogeuka, brashi ikidondosha bluu kwenye ngazi. "Mimi nikudanganye wewe?"

Fundi aliona aibu kwa kuuliza. Hilo alimwambia mke wake jioni ile walipokuwa wakivua viatu vya sherehe: kwamba aliona aibu, kama mtu aliyehesabu vijiko baada ya ndugu yake kuondoka.

Jumatatu ilifika, na kabati lilikuwa limefungwa, ufunguo uko kwa mkurugenzi, na mkurugenzi yuko safarini. Jumatatu nyingine Brashi alikuwa akiumwa mgongo. Nyingine kulikuwa na wanafunzi wengi mno. Fundi alikwenda mwenyewe ofisini kwa mkurugenzi, akasimama kwenye zulia na kueleza, na mkurugenzi akamjibu kwa upole, "Mzee, kwani inakuuma wapi? Watoto wanafurahi. Akija mtaalamu tutaifuta siku hiyo hiyo." Basi akatulia kwa neno la wawili, mkuu wake na rafiki yake.

Nyumbani Brashi aliendelea kukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

"Shemeji," mke wa fundi alimwuliza siku moja akimpakulia, "hiyo Jumatatu yako iko kwenye kalenda gani? Nami niinunue."

Brashi alicheka kuliko wote mezani. Akaomba aongezewe mchuzi.

Mtaalamu alikuja. Alikuwa mama wa makamo, mpole, viatu vyake vimechakaa kwa kutembea machimboni, na samaki wa aina ile ndio aliokuwa amewasomea maisha yake yote. Walikusanyika wote ukumbini, na mwandishi wa gazeti naye akiwepo, kwa kuwa mkurugenzi alimwita mwenyewe ili sifa ziandikwe. Kabati likafunguliwa. Mama yule akainama na kioo chake cha kukuzia, akalipitia jino moja moja.

"Haya ya nje," akasema hatimaye. "Yanang'aa kwa namna nyingine."

Waliokuwepo wanasema fundi alitabasamu. Ndiyo, alitabasamu, na sababu ni kwamba alifurahi. Alikuwa ameingoja siku hiyo kuliko mkurugenzi mwenyewe. Alipiga hatua mbele.

"Hayo ni ya kwangu, mama. Ni plasta. Yamepakwa rangi ya maji kwa ajili ya sherehe tu. Ukifuta utaona nilivyoyaacha."

Akaenda mwenyewe karakanani, akaleta bakuli la maji na pamba, akampa kwa mikono miwili.

Mama aliichovya pamba, akaikamua, akalifuta jino taratibu kama mtu anayemfuta mtoto mdomo. Akaitazama pamba. Kisha akaigeuza ili wote waione.

Pamba ilitoka nyeupe.

"Labda maji hayakutosha," fundi akasema.

Mama akafuta tena, kwa nguvu zaidi. Nyeupe. Akaomba spiriti, ikaletwa. Na kwa spiriti pamba ilitoka nyeusi tititi, na chini yake pakaonekana plasta.

"Hii ni rangi ya mafuta," akasema mama yule, bila ukali, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Aliyeipaka hakukusudia ifutwe."

Ukumbi mzima ulimtazama yule aliyeleta bakuli. Kwa kauli yake mwenyewe alikuwa amesema ni maji, na maji yalikuwa yamemkana mbele ya watu. Nani angeamini sasa kwamba aliyaacha ya kijivu? Plasta ni ya kijivu au nyeupe kwa asili yake, haithibitishi kitu. Palihitajika mtu mmoja tu aseme sentensi moja.

"Nani alipaka?" mtaalamu akauliza.

Mkurugenzi alikuwa akikagua dari. Fundi hakumtazama Brashi, aliyekuwa ameegemea mawimbi yake ukutani. Alingoja. Hakuwa na wasiwasi wowote, alisema baadaye. Alichokuwa nacho ni mshangao juu ya rangi, akidhani labda rafiki yake naye aliuziwa kopo lisilo lenyewe.

"Mimi napaka ninacholetewa," Brashi akasema. "Meno kaleta yeye."

Lipimeni neno hilo. Hamna uongo ndani yake hata punje, na ndipo ulipo ubaya wake.

"Mdogo wangu," fundi akasema kwa sauti ya chini, kama walivyosemezana juu ya jiwe. "Waambie ya Jumatatu."

Na Brashi akamtazama usoni, mtu aliyekula mezani kwake miaka yote ile, akauliza: "Jumatatu gani, kaka?"

Fundi alilichukua bakuli, akaichukua na pamba nyeupe, akaenda kuyamwaga maji.

Gazeti liliandika lilivyoandika. Mtaani wakampa jina la Papa Plasta, na dada wa ghorofa ya pili wakawa wakifungua mlango kila wakisikia hatua zake kwenye ngazi. Shuleni walimwuliza binti yake kama hata masikio yake ni ya bandia. Akarudi nyumbani na magoti yamechubuka, kwa maana aliwajibu kwa ngumi, na mama yake mwalimu hakumpigia kelele siku hiyo.

Mkurugenzi alimwita fundi na kumwambia kwamba kwa heshima ya utumishi wake hatamfukuza. Atampeleka dirisha la tiketi. Aliambiwa akae huko mpaka watu wasahau. Akashukuru. Akarudi karakanani, akazifuta sindano zake na kuzirudisha kwenye kopo la kahawa, akavaa koti. Wafanyakazi hutoka kwa mlango wa nyuma. Yeye alipita katikati ya ukumbi, mbele ya samaki, akatoka kwa mlango wa wageni.

"Na kifuko cha mchanga kiko wapi?" mke wake aliuliza alipoona kopo peke yake.

"Nimekiacha. Mchanga ni wa makumbusho."

"Na kitambaa? Na mshono? Kitambaa ni cha suruali yako na mshono ni wa vidole vyangu!"

"Ningewezaje kuvitenganisha?"

Mtu wa namna hiyo ndiye wanayesema alighushi.

Kiti chake karakanani alipewa Brashi, pamoja na cheo. Hapo ndipo ilipojulikana rangi ya mafuta ilinunua nini. Nyumbani kile kiti cha karibu na dirisha mke alitaka kukitoa. Mume akasema kiachwe. Wakafikia muafaka kama wafikiavyo wanandoa: kiliwekwa kibarazani, kikabeba kapu la nguo za kufua.

Daktari wa meno wa ghorofa ya chini ndiye aliyemtoa kwenye upweke. Alipanda siku moja, akajikalisha bila kukaribishwa, akasema, "Jirani, mimi nang'oa, sina wa kujaza. Vidole vyako vinakaa bure."

"Unataka nitengeneze meno ya bandia?" fundi akauliza. "Mimi? Unajua watakavyocheka?"

"Wacheke. Wengi wao wanafunika mdomo wakicheka, hawana meno. Wanakuhitaji."

Basi akatengeneza meno ya watu hadi mwisho wa maisha yake, kwa plasta na nta na subira ile ile, akilipuliza kila moja kabla ya kulifunga kwenye karatasi. Alisema kazi ile ina heshima, kwa sababu kila anayeingia anajua anachukua nini. Mkubwa wa wale dada wa ghorofa ya pili alitengenezewa ya juu na ya chini. Anamsema hadi leo, na anamsema vizuri, kila herufi inasikika, kwa meno aliyomtengenezea yeye.

"Baba, kwa nini usiende ukawaeleza?" binti yake alimwuliza alipokuwa mkubwa wa kutosha kuona hasira.

"Nilishaeleza, mwanangu. Aliyebaki kusema ni mwingine."

Hakuwahi kudai zaidi ya hapo: kwamba Brashi asimame mbele ya kioo kile kile na kusema ni nani aliyepaka, kwa amri ya nani, na alimwambia nini rafiki yake. Hakutaka kazi irudi, wala gazeti liombe radhi. Alitaka sentensi moja, mahali ilipokosekana. Aliingoja kwa utulivu, na mke wake aliingoja bila utulivu wowote.

Kifua kilimwangusha mwishoni. Vumbi alilokuwa akilipuliza maisha yake yote, sehemu yake ilirudi ndani. Alilazwa kwenye chumba cha nyuma chenye mwanga wa asubuhi, mito mitatu mgongoni, na ndipo kengele ya mlango ikalia.

Alikuwa Brashi. Amenenepa, nywele zimepungua, na kwapani amebana kifuko cha kijivu. Mke aliutambua mshono wake kabla ya kuitambua sura.

"Shemeji," akasema.

"Karibu," akajibiwa, kwa kuwa mwenye nyumba alilelewa na watu.

Akaingia chumbani. Alikiinua kiwiko cha mgonjwa, akakiweka kifuko chini yake, akavuta kigoda. Mlango haukufungwa. Mke alibaki sebuleni akikunja shuka, na shuka zile zilikunjwa na kukunjuliwa na kukunjwa tena. Brashi alipotoka macho yalikuwa mekundu na leso imelowa. Alimkuta mke wa fundi amesimama mlangoni.

"Utakwenda kusema?"

"Nitakwenda, shemeji. Haki ya Mungu nitakwenda."

"Lini?"

"Jumatatu."

Lilimtoka kabla hajaliona. Aliziba mdomo kwa mkono kama mtoto. Na kutoka chumbani ikasikika sauti ambayo haikuwa imesikika siku nyingi: mgonjwa alikuwa akicheka, anacheka na kukohoa, anakohoa na kucheka.

"Mwache aende, Mama," akasema alipopata pumzi. "Jumatatu ya huyu bwana haijaumbwa bado."

Hakwenda. Mke alimwuliza mlinzi wa mlangoni, yule yule wa zamani, na mlinzi akatikisa kichwa. Majira yakabadilika, mgonjwa akafa, kiwiko kikiwa juu ya kifuko.

Sasa hayo ya makaburini. Watu walikuwa wengi, zaidi ya waliotarajiwa. Nusu yao walikuwa na meno yake kinywani. Brashi alikuja na suti nyeusi, na kabla ya watu kutawanyika alimsogelea mjane akiwa na karatasi iliyokunjwa mkononi.

"Shemeji, naomba niseme maneno machache."

"Maneno gani?"

"Ya urafiki wetu. Tulivyoishi. Utani wetu."

"Na yale ya rangi?"

Alitazama viatu vyake. Wafanyakazi wa makumbusho walikuwa pale pale nyuma yake, na mkurugenzi aliyestaafu, na wote wa ghorofa ya pili. Asingepata tena mkusanyiko kama ule.

"Leo si siku yake, shemeji," akasema.

"Basi na hayo mengine si siku yake."

Brashi akaikunja karatasi yake mara nyingine, ikawa ndogo kabisa, akaitia mfukoni na kuondoka peke yake kati ya makaburi. Hakusukumwa na hakutukanwa. Kama mtu akiulizwa swali jepesi anaondoka, aliyeuliza hana la kujibu.

Samaki yupo. Mtaalamu yule mama aliamuru rangi yote iondolewe, na ikaondolewa. Mjane alikwenda mara moja, akalipa tiketi kama watu wengine. Alisimama mlangoni kwanza, akamwona samaki mzima. Kisha akasogea, akainama, akayaona meno ya kijivu kati ya meusi, kama yalivyoachwa, hayana haya. Alikipuliza kioo, akakifuta kwa kiganja, akaenda zake. Kibao cha chini hakina jina la fundi. Wa makumbusho wamemwomba mjane mara mbili aende kulijadili jambo hilo, naye amewajibu kwamba anayejua la kuandikwa bado yuko hai, wamwulize yeye.

Na kwa wale wanaopenda kuuliza, wakija na keki na sura za huruma, kwamba siku ile chumbani mgonjwa alimwambia nini Brashi, kwamba alimsamehe au hakumsamehe: mlango ulikuwa wazi na mke hakuwa kiziwi. Alisikia yote, kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho. Hayo ni ya nyumba ile. Binti yake aliuliza na hakuambiwa, sembuse wewe. Hatasema.